Wazee Wanaoishi na Mamba

Daktari alisema mguu ukatwe, mama akasema hatajibu neno mpaka aende kwanza kwa wazee, na wazee siku hizi wanaishi na mamba. Ndiyo maana Jumapili ile asubuhi nilikuwa ndani ya tuktuk, mama kando yangu, mguu wa kulia umeviringishwa bandeji kama mtoto mchanga. Magotini alipakata mkoba wake wa ukili wenye chupa ya marashi na kipande cha udi. Tulikuwa tunakwenda bustani ya wanyama.

Nieleze. Kwetu ni Mwabungo, na upande wa Diani, katika msitu uliobaki kati ya barabara ya mahoteli na bahari, kuna magofu ya nyumba za mawe. Watu wa kale walizijenga kwa matumbawe na chokaa, kisha wakaondoka au wakafa, na ukoo wa mama husema hao ndio asili yao. Nilipokuwa shule niliuliza ushahidi uko wapi. Nikajibiwa kwamba ushahidi ni huko kwenda kwetu. Msichana akitaka kuolewa, mtu akienda Hija, kijana akipata kazi Arabuni, hupelekwa pale kuaga. Unapiga hodi mlangoni, unaitikiwa, unaingia, unasoma Fatiha, unanyunyiza marashi, unasema haja yako, unarudi nyumbani ukale. Mimi nilipelekwa kabla ya ndoa na kabla ya kumzaa mwanangu wa kwanza.

Halafu akaja mwekezaji. Akapewa sehemu ya ule msitu, akaizungushia ua, akaleta wanyama wake. Tuliahidiwa kwamba kuta hazitaguswa, na kusema kweli hazikuguswa. Wanyama tu ndio waliowekwa ndani.

Kidonda cha mama kilianza na kijiwe ndani ya kiatu. Mwenye sukari hasikii kijiwe. Alipokuja kukiona, kidole kilikuwa kimeshageuka rangi, na baada ya hapo kila wiki ilikuwa na habari yake, mpaka daktari wa Msambweni akatuita sote wawili ndani akafunga mlango. Chini ya goti, alisema. Jumatatu kitanda kipo. Mkichelewa sumu itapanda mwilini, na hapo hatutazungumza tena habari ya mguu.

Mama hakukataa. Angekataa ningegombana naye, na kugombana nakuweza. Tulipofika nyumbani akasema, "Mguu huu nimeupata kwao. Siwezi kuutoa bila kuwaambia."

"Na wakikataa?"

"Basi watakuwa wamekataa."

Aliyasema hayo huku akichambua mchele, wala hakuinua macho. Usiku huo sikulala. Mimi ni mtu wa haraka, na sijifichi. Nafanya kazi katika chumba cha mashuka cha hoteli moja pale Diani, na wenzangu husema mimi hukunja shuka kabla halijakauka. Sasa nilikuwa na mama anayeoza mguu, kitanda kinachongoja, na wazee waliokufa ambao lazima kwanza watoe idhini. Nilikuwa na hasira nao wote, na hao wafu nikawatia humo humo.

Kaka yangu alipiga simu tukiwa bado barabarani. Yeye ndiye mkubwa wetu, anakaa Ukunda, mwendo mfupi tu, lakini mapenzi yake kwa mama hupita kwenye simu.

"Umeshamshawishi?"

"Tunakwenda kwa wazee."

"Wazee gani? Kule si kuna nyani tu?" Akashusha pumzi kwa nguvu nisikie. "Sikio la kufa halisikii dawa. Mwambie mimi nimesema akatwe."

"Njoo umwambie," nikasema, nikakata.

Mama alikuwa amesikia yote. Alitazama nje, akasema minazi ya mwaka huu imezaa vizuri.

Langoni tulikuta mtu wa makamo, sare ya kijani, mtu wa bara kwa maneno yake. Mama alimngoja ampe shikamoo, akaona haiji, akamwambia yeye, "Hujambo, baba."

"Poa, mathe. Karibuni. Tiketi ni hapo dirishani."

"Tiketi ya nini?"

"Ya kuona wanyama."

"Sikuja kuona wanyama. Nimekuja kwa wazee."

Yule bwana alinitazama kutaka msaada. Nilikuwa nimeshafika dirishani. Aliporudi kumtazama mama akauona mguu, uso wake ukabadilika. Akamwachia mwenzake lango, akasema atatusindikiza, maana njia ina mawe. Nikamshukuru kwa mdomo. Moyoni nilihesabu kwamba sasa tutakuwa watu watatu wa kwenda polepole.

Mahali penyewe ni pazuri, sitaki kusema uongo. Ningekuwa na siku nyingine na moyo mwingine, ningekaa. Kuta zimesimama mpaka kifuani, pengine mpaka juu ya kichwa, mizizi imezikumbatia, na chokaa ya kale bado inang'aa mahali ambapo mvua haifiki. Kuna tao la mlango lililochongwa kwenye matumbawe, nakshi ya kamba iliyosokotwa inalizunguka, na chini yake siku ile bwana na bibi harusi walikuwa wanapigwa picha na nguo za kukodi. Kuna vyumba vyembamba na virefu kama walivyopenda watu wa zamani, na katika kila chumba kuna mkaazi. Chatu amelala nyuma ya kioo kilichobandikwa mbele ya vidaka, yale matundu ya ukutani ya kuwekea vitu, na kile kidaka ambacho pengine kiliwekwa taa au bakuli la kigeni sasa kimebeba mkunjo mmoja wa mwili wake. Nungunungu yuko mahali ambapo mama alisema palikuwa choo. Kibao kimoja kinaeleza ukuta na mnyama kwa pamoja, hata ukisoma upesi unaweza kudhani ni chatu aliyejenga.

Mimi nilisoma upesi. Mama alisimama kila chumba akatoa salamu. "Asalaam aleikum," anamwambia nungunungu, kisha anangoja kidogo, kisha anaburuta mguu. Jua lilikuwa linapanda. Simu ilitetemeka mkobani mwangu, ikanyamaza, ikatetemeka tena. Nilikuwa natangulia hatua kumi, narudi, natangulia tena.

Katika sebule ya nyumba moja waliweka mondo, yule paka wa porini mwenye miguu mirefu na madoa. Wavu umetandwa juu, ukuta kwa ukuta. Alikuwa anakwenda ukutani, anageuka, anarudi, na pale anapogeukia sakafu ya kale ilikuwa imelainika. Mama alinitazama mimi, akamtazama mondo, akanitazama mimi tena.

"Mpe salamu mwenzio," akasema.

Yule bwana wa sare akacheka. Mimi sikucheka, lakini nilisimama kidogo.

Kwenye birika ndipo nilipodhani safari itaishia. Ni birika la mawe lenye ngazi mbili za kushukia, lililojengwa kwa chokaa laini, na ndani yake, katika maji ya kijani, alikuwamo mamba. Si mkubwa. Alikuwa amefungua mdomo akaacha hivyo hivyo, hana habari na mtu.

"Astaghfirullahi," mama akasema. "Ndani ya maji ya udhu?"

"Hili lilikuwa la nyumbani, mama, la kuogea. Si la msikiti. Kibao kimesema."

"Kibao kilikuwapo siku hizo?"

Mama alisimama pale muda mrefu, midomo inacheza, nami sikujua kama anawaombea wazee au anamwapiza mwekezaji. Nilimwambia jua ni kali. Nilimwambia mguu utavimba. Nilimwambia mambo mengi, yote ya kweli, na yote kwa sauti ambayo mtu hapaswi kumsemesha mama yake. Yeye akaniambia mgonjwa ni yeye, mbona homa ninayo mimi.

Nyumba tuliyoijia iko mwisho, karibu na bahari. Ndiyo kubwa kuliko zote. Kama nyumba nyingi za kale, mlango wake haukuonyeshi ndani. Kwanza unaingia dakani, kile kiukumbi cha mlangoni, ukuta unakukinga macho, kisha unapinda ndipo uone chumba. Humo wamewekwa kobe, wale wakubwa wa kukaliwa na watoto, na mlangoni wameegesha ubao wa kimo cha goti wasitoke. Wageni wanaruhusiwa kuingia kuwalisha mchicha.

Mama alivua kiatu kimoja alichokuwa nacho. Akajitengeneza mtandio. Akasimama pembeni kidogo ya mlango, kama tulivyofunzwa, ili macho yasitangulie mwili.

"Hodi," akasema.

Ndani kulikuwa na sauti ya kobe anayetafuna. Nyuma ya msitu tausi alipiga kelele. Mama alingoja kwa utulivu wa mtu aliyefika nyumba yenye watu.

"Hodi wenyewe."

"Karibu, mathe, karibu," akasema yule bwana wa sare, na kwa wema kabisa akainama auondoe ubao. "Ingia tu, hawa hawaumi."

Mama akamgeukia. "Ahsante sana, baba. Lakini nyumba hii si yako. Hunikaribishi nyumba isiyo yako."

"Mimi ndio nawalisha kila siku."

"Basi kobe wakija kwangu nitawaambia wewe ni mwenyeji wao." Alimwambia kwa upole, na yeye akauacha ubao, akasimama wima.

Hapo nikakumbuka jambo ambalo sikuwahi kulifikiria. Nilipoletwa kabla ya ndoa niliitikiwa. "Karibu, mwanangu, pita." Ilikuwa sauti ya bibi, mama yake mama, ambaye alikuwa ametangulia ndani kwa mlango wa nyuma na kukaa kwenye kibaraza cha chumbani. Kabla ya kujifungua aliyeniitikia alikuwa dada yake bibi. Siku zote alitangulia mkubwa mmoja wa ukoo, akaitika kwa niaba ya walio kimya. Na wakubwa hao nimewazika mmoja mmoja. Hakuna aliyebaki aliye mkubwa kuliko mama yangu.

"Imebaki moja," mama akasema.

Hodi ni tatu. Dini imetufunza hivyo na mama zetu wametuchapa kwa hilo. Usipoitikiwa ya tatu, unageuka, unarudi ulikotoka bila kinyongo. Nilimtazama usoni nikaona raha. Raha ya mtu aliyemaliza hesabu zake. Ndipo nikaelewa, na kuelewa kulinichoma. Mama alijua tangu nyumbani kwamba hakuna wa kumwitikia. Hakuja kuomba idhini. Alikuja kupiga hodi kwenye nyumba tupu, arudi zake Mwabungo kwa adabu, na mguu wake, akafe nao. Na nani angemlaumu? Aliuliza, hakujibiwa.

"Usipige ya tatu," nikasema. "Nakuja."

"Unakwenda wapi?"

"Msalani."

"Sikungojei. Jua kali, umesema mwenyewe."

Nilizunguka ukuta mbio. Nyuma, ule mlango wa zamani umebomoka, na wameuziba kwa wavu wa waya. Niliuvuta chini ukakubali kidogo, nikapita kwa tumbo, buibui likanaswa na kuchanika kuanzia bega. Nilisimama ndani nimekanyaga mavi ya kobe na mchicha wa jana. Kobe mmoja alikuwa amejilaza katikati ya njia, na hata nilipomsukuma kwa goti hakuona sababu ya kuondoka. Nikampanda. Mungu anisamehe. Nikateremka upande wa pili, mbele ya kibaraza alichokuwa akikaa bibi, chini ya safu ya vidaka vitupu.

Nilikuwa nimepanga kuigiza. Nilitaka kuifanya sauti iwe nzito, ya kikongwe, mama adhani ni wao. Nilikuwa bado nahema nilipoisikia kutoka upande wa pili wa ukuta, ya tatu, laini kuliko zote, kama asiyetaka kuamsha mtu.

"Hodi."

"Karibu," nikasema. "Karibu ndani, pita."

Ilinitoka sauti yangu mwenyewe, ile ile ninayoitikia nikiwa jikoni na mikono ina unga. Sikuweza kuwaona, wala wao hawakuweza kuniona.

"Nani huyo?" nikamsikia yule bwana.

"Mwenye nyumba," mama akajibu. "Niondolee ubao, baba."

Aliingia dakani, akapinda, akatokea. Nyumba ya watu huingiwa kwa mguu wa kulia, na aliutanguliza huo huo wa kulia, wenye bandeji, akaukanyaga chini taratibu na uso wake ukakunjamana kwa maumivu. Hakunitazama. Alikaa kibarazani, akasoma Fatiha, akanyunyiza marashi ukutani na kidogo juu ya gamba la kobe aliyekuwa karibu. Udi hakuuwasha kwa kuwa yule bwana alisema moto hauruhusiwi. Aliuweka kwenye kidaka ukiwa mbichi. Yule bwana akajiondoa, akaenda kusimama nje.

"Ulijua ni mimi," nikasema.

"Nimekuzaa."

"Basi ungegeuka. Ungesema hukuitikiwa."

"Nimekaribishwa, nigeukeje?" Akalitazama buibui langu lililochanika, akanyoosha mkono akaziba pale begani palipo wazi. "Ulitaka wazee waseme. Wazee waliokuwa wakisema humu ni bibi yako na dada yake, wana mafua na wana njaa kama watu. Leo umesema wewe. Mgeni njoo, mwenyeji apone. Haya, mimi mgeni nimekuja. Haja yangu ni mguu. Nikatwe au nisikatwe?"

Tangu daktari afunge ule mlango nilikuwa nimeshajua jibu. Nilikuwa nimelisema kwenye simu, nimelisema kwa majirani, nimelisema ndani ya tuktuk. Lakini niliyasema yote hayo nikiwa mtoto anayemsukuma mzazi, na mtoto husukuma kwa sababu anajua mzazi hasogei. Sasa alikuwa amekaa mikono mapajani, anangoja, na chochote nitakachosema atakifanya. Niliogopa. Nilifikiria atakavyokuja kwangu kutoka chooni kwa magongo. Nilifikiria asipoamka. Mtu atauliza nani alisema akatwe, na hawatakuwa wazee.

"Ukatwe, mama," nikasema.

"Sema tena. Usiseme huku unamtazama kobe."

Nikamtazama. "Ukatwe."

"Inshallah," akasema, kama mtu aliyeambiwa chakula kitachelewa. Akaegemea ukuta, akafumba macho. "Nilidhani hutafika. Wavu ule ni mgumu."

Nikakaa kando yake. Yeye ndiye aliyeanza kusimama. Nilimwambia tukae kidogo. Nilimwambia jua litapungua, kwamba kobe hawajala, kwamba hakuna anayetufukuza. Mama alinisikiliza mpaka nikamaliza, kisha akanishika bega la upande uliochanika ajisimamishie, na tukatoka, mimi nikiwa wa nyuma.

Kesho yake Msambweni, daktari alitoka kwenye mlango wa chumba cha upasuaji akiwa amevaa kofia ya kijani, akauliza mkubwa wa mgonjwa huyu ni nani. Kaka yangu alikuwa amefika mwishowe, shati limepigwa pasi, na kwa kuzaliwa ndiye mkubwa. Alikohoa, akanitazama. Kwenye kitanda cha magurudumu mama naye alikuwa ananitazama.

"Ni mimi," nikasema.

"Mmekubaliana nyote?"

"Nimekubali."